Umetuma maombi ya kazi ya TEHAMA na kimya kimetanda: tafuta hitilafu ilipo

Vijana wanaosaka kazi ya kwanza ya TEHAMA huja na malalamiko yaleyale mwaka hadi mwaka, na wengi wameshajiandikia dawa kabla ya kupima: kozi nyingine. Hajibiwi, anaongeza cheti. Ameitwa kwenye usaili akaanguka, anaongeza cheti. Katika CV ninazozipitia kazini, upungufu wa vyeti ni nadra kuwa ndio ugonjwa. Kasoro huwa kwingine, na mara nyingi ni ndogo kuliko mwenyewe anavyodhani.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta yako, anza na sababu ya juu kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, na usishuke mpaka uwe umeiondoa. Mifano mingi ni ya Tanzania. Kenya nimeitaja pale utaratibu unapotofautiana.

Kwanza fungua jedwali la Excel lenye safu tano: tarehe, ofisi, nafasi, njia uliyopitia, jibu. "Nimeomba sana" si kipimo. Aliyetuma maombi arobaini asiitwe hata mara moja ana hitilafu tofauti kabisa na aliyeitwa mara nne akaachwa mara nne, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake.

Dalili ya 1: Unatuma, hakuna anayejibu

*Sababu ya kwanza: maombi yanafika hayasomeki.* Inachekesha, lakini ndiyo inayoongoza. Jitumie CV yako kwa barua pepe, kisha ifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Faili ya Word iliyopangika vizuri kwenye kompyuta yako inaweza kufunguka imetawanyika kwenye simu ya ofisa rasilimali watu. Ihifadhi kama PDF. Halafu jaribu kunakili aya moja kutoka kwenye hiyo PDF. Ikigoma, maana yake umetuma picha, na programu za kuchuja maombi hazitaona neno hata moja. CV za safu mbili zenye rangi na vibao vya "Python 80%" zina shida kama hiyo: maneno ya safu ya kushoto huingia katikati ya sentensi za kulia. Na hiyo asilimia 80 nani aliipima?

Jina la faili liwe jina lako na nafasi unayoomba. "CV mpya final 3" inakaa kwenye folda moja na "CV mpya final 3" ya mwenzako.

Angalia pia mwili wa barua pepe. Kichwa kitupu, hakuna salamu, kuna kiambatisho tu: hiyo inapitwa. Kibaya zaidi ni barua moja iliyotumwa kwa anwani thelathini zikiwa zote kwenye mstari wa mpokeaji. Kila ofisi inaona umeomba kwa washindani wake wote, tena kwa maneno yaleyale, na kwa anayetafuta kazi ya kompyuta hiyo tayari ni alama ya kufeli.

Mwisho, namba ya simu. Je, bado iko hewani? Ofisi nyingi zitakupigia kwa namba usiyoijua, mara moja, na hazirudii.

*Sababu ya pili: CV inasomeka lakini haisemi kitu.* Huu ndio mstari ninaoukuta kwenye CV nyingi, karibu neno kwa neno:

"Ujuzi: HTML, CSS, JavaScript, Python, Java, Networking, Cyber Security, Microsoft Office."

Mwandishi wa mstari huo huenda ana uwezo, ila hakuna njia ya kujua. Mwenzake ambaye hakumzidi chochote aliandika hivi kuhusu field yake, yaani mafunzo kwa vitendo:

"Field, wiki nane, idara ya TEHAMA ya halmashauri. Niliandaa kompyuta mpya 14, nikaweka lebo kwenye kebo zote za chumba cha seva, nikaandika mwongozo wa kurasa mbili wa kubadili nywila kwa ajili ya idara ya fedha."

Huyu wa pili anaitwa. Sitaki kujua kama anaifahamu Java. Mtu anayeweka lebo kwenye kebo bila kuambiwa nitamfundisha mengine. CV nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na kanuni haibadiliki: kitenzi, kitu, idadi. Kurasa mbili zinatosha. Futa dini, hali ya ndoa na "kusafiri na kutazama mpira".

*Sababu ya tatu: unaomba kwenye matangazo peke yake.* Kampuni ndogo, ambako ndiko kazi nyingi za kwanza zilipo, mara nyingi hazitangazi. Mwenye ofisi anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Nani ana kijana wa kuaminika wa kufunga mtandao?" Watu wanaita koneksheni, na wengi wanadhani ni lazima uwe na mjomba mkubwa. Kuna koneksheni za kubebwa, sikatai. Lakini aliyekusimamia field, fundi aliyekuonyesha kubana kebo, mwanafunzi aliyekutangulia mwaka mmoja, wote ni watu wa kuulizwa. Ujumbe uwe mfupi na umkumbushe wewe ni nani:

"Shikamoo mkuu. Ni mimi niliyefanya field kwako mwaka jana, yule aliyeweka lebo kwenye kebo za chumba cha seva. Nimemaliza chuo Julai na natafuta nafasi ya dawati la msaada au ufungaji wa mtandao. Ukisikia mahali wanahitaji kijana, naomba unikumbuke. Nimeambatanisha CV."

Usiandike "naomba kazi yoyote". Mtu hawezi kukukumbuka kwa yoyote.

*Sababu ya nne, kwa wanaoomba serikalini Tanzania: umeangushwa na viambatisho.* Kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi hukataliwa kwa mambo ambayo tangazo lenyewe limeyaandika chini kabisa, pale watu wasipofika. Barua ya maombi haijasainiwa. Nakala za vyeti hazijathibitishwa na mwanasheria. Umeweka hati ya matokeo ya muda au karatasi ya matokeo ya kidato cha nne, wakati tangazo limesema hazipokelewi. Umesoma nje na vyeti vyako havijapata ithibati ya TCU (vyuo vikuu), NECTA (sekondari) au NACTVET (vyuo vya kati), kila kimoja kulingana na ngazi yake. Soma masharti ya jumla kabla ya kusoma majukumu ya kazi.

Kenya, kazi za serikali nyingi hudai vyeti vya maadili: KRA (kodi), HELB (mkopo wa elimu ya juu), EACC (maadili na rushwa), CRB (rekodi ya mikopo) na cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi). Vingine vinachukua muda, kwa hiyo vianze kabla hujaona tangazo.

Dalili ya 2: Kila tangazo linataka uzoefu

*Kwanza, kagua cheo unachoomba.* Ukitafuta mhandisi wa programu, mchambuzi wa data au mtaalamu wa usalama wa mtandao, utakutana na miaka mitatu kila siku, kwa sababu hizo si nafasi za kuanzia. Milango ya kuingilia ina majina yasiyong'aa: dawati la msaada, ofisa wa kuingiza data, mpimaji wa programu, msaada wa wateja kwenye kampuni ya malipo, fundi wa kufunga faiba, kijana wa kuzunguka madukani kutengeneza mashine za EFD (za risiti za kodi). Hospitali na vituo vya afya ni eneo wanaloliruka wengi. Kuna mifumo ya usimamizi wa wagonjwa kama GoTHoMIS ya Tanzania, kuna DHIS2, mfumo unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania na Kenya kukusanya takwimu, na kila mahali mfumo ulipo kuna nesi anayehitaji mtu wa kukaa naye mpaka auzoee. Aliyekaa na nesi huyo miezi sita anajua mambo kuhusu watumiaji ambayo hayafundishwi darasani.

Serikalini Tanzania, tafuta "Ofisa TEHAMA Daraja la II". Daraja la II ni la kuanzia kwa wenye shahada, na matangazo yake mara nyingi hayadai uzoefu. Nimeona vijana wakisoma neno "Ofisa" wakakata tamaa kabla ya kufika kwenye daraja.

*Pili, unadhani uzoefu ni ajira tu.* Hesabu field, kazi uliyomfanyia mtu kwa malipo madogo, mfumo wa hesabu za kikoba cha mama yako, miezi uliyosimamia kompyuta za shule. Viandike kama kazi: mahali, muda, ulichofanya. Ila usidanganye tarehe. Wadhamini wako watapigiwa simu.

*Tatu, sharti ni la kweli.* Benki inayotafuta mtu wa mfumo mkuu wa hesabu haitamwachia mhitimu wa mwezi jana. Acha, nenda kwingine. Kama tangazo linataka mwaka mmoja na wewe una miezi minane ya field na kujitolea, omba tu.

Kuna pia programu zilizowekwa makusudi kwa wasio na uzoefu. Tanzania, huduma ya ajira ya serikali (TaESA) huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu kazini. Kenya, Presidential Digital Talent Programme huchukua wahitimu wa TEHAMA kwa miezi 12. Nafasi ni chache kuliko waombaji, ila hapo angalau hakuna atakayekuuliza miaka mitatu.

Dalili ya 3: Una vyeti vingi, huna cha kuonyesha

Fungua akaunti yako ya GitHub, tovuti ya kuweka na kuonyesha msimbo, ukijifanya mgeni. Ukikuta orodha ya mambo ya kufanya, programu ya hali ya hewa na kikokotoo, umepata hitilafu. Hizo ni kazi za mwalimu wa video, na kila mwombaji anazo.

Dawa ni kitu kimoja kinachotumiwa na mtu halisi asiye wewe, hata kama ni kidogo. Chukua duka la jirani linaloandika madeni kwenye daftari, au kikoba kinachobishana kila mwisho wa mwezi kuhusu nani amelipa hisa. Watengenezee jedwali au programu ndogo, kisha kaa uone wanavyoiharibu. Yatatokea mambo ambayo kozi haikukwambia: mama mmoja ana namba mbili za simu, mwingine analipa nusu leo nusu kesho, mhasibu anataka kufuta kosa bila wenzake kujua. Namna ulivyoyatatua ndiyo habari ya usaili wako.

Anayetaka kuingia upande wa malipo ajaribu Daraja, jukwaa la Safaricom linalowaruhusu watengenezaji kupima malipo ya M-Pesa katika mazingira ya majaribio. Wanafunzi wengi huishia pale ombi la malipo linapotokea kwenye simu, wanapiga picha, wanafurahi. Kazi inaanzia hapo. Mteja ameweka namba ya siri, uthibitisho umechelewa kufika kwenye seva yako, ameona hakuna kitu akabonyeza tena. Amelipa mara mbili au moja? Uthibitisho uleule ukija mara mbili, mfumo wako utamwandikia malipo mawili? Ukiweza kuonyesha unavyoutambua muamala kwa namba yake ya kipekee na kukataa marudio, umeshawapita wengi.

Andika maelezo mafupi kwenye ukurasa wa mradi: tatizo lilikuwa nini, nani anatumia, nini bado hakijakaa sawa. Hicho kipengele cha mwisho watu hukiogopa, nami ndicho ninachokisoma kwanza.

Simama hapa. Mambo matatu yanaweza kukutoa kwenye kutafuta kazi na kukupeleka kwenye kesi. Usipime usalama wa mfumo wa benki, chuo au serikali bila ruhusa ya maandishi ili upate cha kujisifia. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 Tanzania, na Kenya kuna sheria yake ya 2018. Usipandishe majina na namba za simu za wateja halisi kwenye GitHub. Tumia data za kubuni. Na usiache nywila au funguo za API (zinazoruhusu programu yako kuingia kwenye mfumo mwingine) ndani ya msimbo. Kama zimeshapanda, kufuta faili hakutoshi kwa kuwa historia inabaki. Zibatilishe, utoe mpya.

Dalili ya 4: Unaitwa, kisha unaachwa

Hii ni habari njema kidogo. CV inafanya kazi, iache kama ilivyo.

*Sababu inayoongoza: CV imedai usichoweza kukitetea.* Pitia kila neno ulilotaja na ujiulize kama unaweza kulizungumzia dakika tatu bila kukariri. Usiloliweza, lifute leo.

*Inayofuata: unataja jibu bila kuonyesha njia.* Kwa nafasi za kuanzia, msaili anapima unavyofikiri. Chukua swali linalopendwa mno: mtumiaji anasema intaneti haifanyi kazi, unaanzia wapi? Mwombaji wa kawaida anajibu "naizima rauta naiwasha". Ofisi nzima imekatika kwa sababu ya mtu mmoja.

Anayeitwa tena huanza kwa kuuliza: ni yeye peke yake au ni wote? Kama ni yeye, anatazama kebo na taa ya swichi, au kama Wi-Fi imeunganishwa kweli. Halafu anaendesha amri ya ipconfig, inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na mtandao, tatizo liko kwenye DHCP (huduma inayogawa anwani) au kabla yake. Kama anwani ni sahihi, anapima kwa ping (amri ya kuona kama kifaa kingine kinajibu) mpaka kwenye rauta, kisha nje, kwa mfano 8.8.8.8. Hiyo ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, anaiangalia DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Na akifika mwisho wa anachokijua anasema: "Hapa ningemwita mkubwa wangu, nikiwa na haya niliyoyapima." Sentensi hiyo inaajiri watu.

Jizoeze kwa kuongea kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu. Ukijua jibu kwa Kiswahili lakini ulimi unagoma kwa Kiingereza, shida ni mazoezi ya kusema, na kozi ya Python haitaitibu.

*Jaribio la vitendo.* Serikalini Tanzania usaili huweza kuwa na mchujo wa kuandika, vitendo, kisha mahojiano. Wengi hujiandaa kwa mahojiano wakati wanaangukia kwenye mchujo. Kampuni binafsi hupenda kukupa kazi ya kufanyia nyumbani. Soma maelekezo mara mbili na utume kwa muda, hata kama haijakamilika, ukieleza kilichobaki.

*Mambo madogo:* usaili wa mtandaoni bando likaisha, umeme ukakatika, nyuma yako kuna redio. Andaa simu ya pili yenye bando, na namba ya msaili mkononi.

Ukiachwa, omba maoni kwa ujumbe mmoja wa heshima. Wengi hawatajibu. Anayejibu amekupa kipimo ambacho hukipati kwa hela.

Dalili ya 5: Umeingia, ila hulipwi

Kujitolea kunaweza kuwa mlango, nami sikatazi. Kasoro ni kujitolea kusiko na mwisho. Kabla ya kuanza, uliza mambo manne na uyapate kwa maandishi, hata kwa barua pepe: muda, nauli au posho, nani atakufundisha, na nini kitatokea muda ukiisha. Kama unafanya kazi ya mtu aliyeondoka, saa kamili, na ndiye unayepigiwa simu usiku mfumo ukianguka, wewe ni mfanyakazi asiyelipwa. Miezi mitatu ni mingi. Tumia ulichokipata kuomba kwingine ukiwa bado ndani.

Mwajiri aliyekuahidi mshahara akawa anasema "mwezi ujao" anahitaji njia nyingine. Tunza ujumbe wote, mahudhurio na kazi ulizokabidhi. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 ukiwa ni wa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Hapa acha kuuliza marafiki. Siku zinahesabika, nenda CMA, chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria. Kenya anza na ofisa wa kazi wa kaunti. Na usijilipe kwa kuzuia nywila za seva au kufuta data ya kampuni. Madai yako yatakufa siku hiyohiyo, na yatazaliwa ya kwao dhidi yako.

Dalili ya 6: Kazi imekuja haraka mno

Hukuomba, au uliomba jana, leo umepata. Hakuna usaili, au usaili ni wa maandishi tu kwenye Telegram. Mshahara unazidi wa mtu mwenye miaka mitano. Kisha kinatajwa kiasi: ada ya fomu, ya vipimo, ya laptop itakayotumwa, ya "kuwezesha akaunti". Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 unasema mawakala wa ajira wasimtoze mtafuta kazi, na mwajiri wa kweli hakudai hela ili akulipe hela.

Ukaguzi wa dakika kumi: barua pepe imetoka kwenye anwani ya kampuni au ya Gmail? Kampuni ina namba ya ofisi unayoweza kuipata bila kupitia kwa aliyekuandikia? Pigia hiyo. Kenya, jina la wakala litafute kwenye orodha ya National Employment Authority. Tanzania uliza TaESA au ofisi ya kazi.

Kazi ya "msaada wa wateja" au "uchapaji wa data" nchini Thailand, tiketi imelipwa, viza ya utalii: usipande ndege. Vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa ahadi za namna hiyo, wakavushwa mpaka Myawaddy nchini Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mapema 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa kwenye kambi hizo, wakiwemo Wakenya, Waethiopia na Waganda. Mwambie mtu wa familia, peleka ujumbe wote polisi. Kama pasipoti yako tayari iko mikononi mwao, wasiliana na ubalozi wako wa karibu.

Kama umeshatuma hela kwa simu, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, kabla haijatolewa kwa wakala. Usifute mazungumzo. Namba ya tapeli itume kwa 15040 ukiwa Tanzania, au 333 kwa Safaricom Kenya, kisha chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi. Kwa Kenya ni namba ya OB.